Karani wa Simu za Visima

Karani hakuwahi kusema "halo". Neno hilo alilidharau kabisa, akidai ni la watu waliokosa la kusema. Simu ikilia alivaa hedifoni juu ya kofia yake, akaweka miwani, akaiacha ilie tena kidogo, kisha akaanza: salamu, afya ya aliyepiga, afya ya mama yake, hali ya ngamia, mvua imeonekana wapi, malisho yakoje, nani kaoa, nani kazikwa. Hayo yote kabla hajauliza mtu amepiga kwa nini. Wiki yangu ya kwanza Wajir, mimi kijana wa kompyuta kutoka Hola niliyejiona nimesoma, nilikaa nyuma yake nikasikiliza simu moja ya namna hiyo mpaka chai yangu ikapoa. Mwisho kabisa mtu wa upande wa pili akasema, kama aliyekumbuka jambo dogo, kwamba mkanda wa jenereta umekatika. Nilishika kichwa.

Ofisi yetu ni ya maji. Huko nje kuna visima virefu vya pampu, kila kimoja na jenereta yake na mtu wa kukitunza. Kiangazi kikikaza na pampu ikafa, mbuzi hawachelewi kuanguka, ng'ombe wanafuata, na watu wanaanza kufunga mizigo. Mtunza kisima hupanda mahali penye mtandao, anapiga namba ya ofisi, na simu inaangukia kwa Karani. Karani ndiye anayemtafuta fundi, anayemwamsha dereva wa pikapu, anayemsumbua mtu wa stoo kwa ajili ya spea. Aliyemkosa Karani alikuwa hajampata mtu yeyote. Naandika haya kwa sababu kuna siku mtu alimkosa, na mtu huyo alikuwa mwana wa dada yake.

Kwanza nimweleze alivyokuwa. Alikuwa mzee mwembamba, ndevu zimepakwa hina, shati limepigwa pasi hata siku ya vumbi. Alipenda kuniambia kwamba kompyuta ni kitu cha watoto, lakini ole wako uguse ile ya kwake. Aliifunika kwa kitambaa kila jioni, akaifunua asubuhi kwa bismillahi. Alishinda kwenye simu tangu asubuhi hadi alasiri, na hakuwa na simu ya mkononi. Nilipomuuliza sababu, alinitazama kama nimemtukana.

"Adeer, mimi nakula simu mchana kutwa. Nibebe ingine mfukoni ya kulala nayo?"

Aliniita adeer, yaani baba mdogo, ingawa ningeweza kuwa mjukuu wake. Ndivyo wazee wa kule wanavyowaita vijana wanaowapenda, wanawarudishia jina ambalo kijana angewaita wao. Siku akinikasirikia aliniita "injinia", na hapo nilijua sina rafiki mpaka jioni.

Alikuwa mkaidi na alikuwa na majivuno. Aliamini kwamba hakuna mtu kutoka Buna hadi Eldas asiyeijua sauti yake, na kwa bahati mbaya ilikuwa kweli, basi huwezi kumpunguza. Wasomali aliwasalimu kwa Kisomali, Waborana kwa Kiborana, na wakubwa wa ofisi kwa Kiswahili chake cha kukokota miguu, ambacho p yake hugeuka b. Aliwasengenya madereva wote. Aliwahi kununiana na mtu wa stoo muda mrefu kwa sababu ya kikombe, na siku mtu wa stoo alipofiwa, Karani ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika msibani, akakaa hadi mwisho, akarudi, akaendelea kununa.

Majina ndiyo yaliyotugombanisha mwanzo. Mfumo wa simu ulitaka kila mtunza kisima aandikwe jina lake rasmi ili simu ikiingia jina litokee kwenye skrini. Nikaandika. Siku ya pili Karani akaniita, akaonyesha kwa kidole.

"Mohamed Abdi anabiga. Yubi? Huyu Mohamed Abdi, ama huyu Mohamed Abdi, ama huyu?"

Kweli, nilikuwa nimejaza skrini Mohamed Abdi watupu. Akanisukuma kando kwa kiwiko, akaanza kunitajia majina wanayoitana wao: Gurey yule wa mkono wa kushoto, Dheere yule mrefu, Gaab yule mfupi, na mmoja ambaye jina lake sitaliandika hapa kwa kuwa linahusu masikio yake na bado yuko hai. Mkubwa mmoja alipoona orodha ile alisema si lugha ya ofisi. Karani akamjibu kwamba yeye mwenyewe ana jina huko visimani, je, anataka kulijua? Mkubwa akaondoka. Mpwa wake mwenyewe, Karani alimwandikisha kwa neno moja tu, Abti. Ndivyo mjomba na mpwa wanavyoitana kwao, kila mmoja humwita mwenzake abti. Mpwa huyo alitunza kisima kimoja upande wa Buna, na mama yake, dada wa pekee wa Karani aliyebaki, aliishi naye hapo hapo kisimani na mbuzi wake.

Walikuwa wamepishana kauli, mjomba na mpwa. Mpwa alioa mke wa pili na Karani alikuwa amemkataza. Kwa hiyo simu zao za siku hizo zilikuwa fupi, yaani zilikaribia kuwa kama simu zetu sisi wengine. Lakini mjomba wa upande wa mama, kwa watu wale, ni mlango usiofungwa. Unaweza kukosana na baba yako na kaka zako wote, abti hakukatai.

Sasa kuna tabia moja ya Karani ambayo niliicheka sana. Akiwa anaongea na mtu, simu nyingine ikaingia, alikuwa hamkati wa kwanza. Kumkata mtu katikati ya habari zake aliona ni sawa na kumwondolea mgeni sahani. Basi alimpokea wa pili na kumsubirisha kwa kitufe cha kwenye skrini, taa ndogo ya kijani ikawaka, na kando yake pakaandikwa "anasubiri". Ila yeye alibonyeza kitufe kwanza, ndipo akaiinamia skrini na kusema kwa upole, "Subiri kidogo, walaal," yaani ndugu yangu. Aliiambia skrini. Mtu mwenyewe alikuwa hasikii kitu.

"Karani," nilimwambia, "ukibonyeza hakusikii tena. Sema kwanza, halafu bonyeza."

"Mimi nimesema," akajibu. "Kusikia ni kazi yake."

Nilicheka, nikawahadithia madereva, nao wakacheka. Ikawa mzaha wa ofisi nzima. Dereva akitumwa na mkewe alisema, mimi nimesikia, kuleta ni kazi yake mwenyewe.

Nisiwachoshe na mambo ya mitambo, ila hili moja lazima lieleweke. Mfumo ule ulikuwa na pande mbili. Kulikuwa na seva, kisanduku cheusi kilichokaa stoo chini ya feni. Seva ndiyo inayopokea simu zote na kuzishika. Halafu kulikuwa na programu kwenye kompyuta ya Karani, inayomwonyesha nani anapiga na kumpa vitufe vya kupokea, kuhamisha na kusubirisha. Pande hizi mbili lazima ziwe za toleo linalopatana. Zikitofautiana, afadhali zingegoma kabisa, mtu akajua moja. Hazigomi. Zinaendelea na kazi, kila moja ikisema lake.

Ndicho kilichotufika. Waliotuuzia mfumo, watu wa Nairobi, waliingia kwenye seva yetu wakiwa huko huko kwao na kuipandisha toleo bila kutuambia. Asubuhi simu zililia kama kawaida, majina yalitokea, kuhamisha kulifanya kazi. Kilichokufa ni kusubirisha. Karani akibonyeza, seva ilikata simu papo hapo. Lakini programu yake ya zamani haikupewa habari, ikawasha taa ya kijani na kuandika anasubiri. Niligundua baada ya kujipigia mwenyewe. Nilisimama uani na simu imekatika mkononi mwangu, kumbe ndani, kwenye skrini ya Karani, bado nilikuwa nasubiri.

Nilipiga Nairobi. Yule dada wa huduma alikuwa na adabu nzuri.

"Kompyuta yenu ni ya zamani, haiwezi kubeba toleo jipya. Mnahitaji mashine nyingine."

"Basi turudishieni seva kwenye toleo la kwanza."

"Hilo hatulihudumii tena, kaka."

Niliondoa programu nikaiweka upya. Nilijaribu kuiendesha kwa namna ya kuidanganya kwamba iko kwenye mfumo mpya. Nilileta kompyuta yangu mwenyewe, ikakataa kwa kuwa leseni ilikuwa imefungwa kwenye mashine ile ile ya Karani. Nikaenda kwa mkubwa kuomba kompyuta mpya. Kompyuta mpya zilikuwepo, nimezifungua mimi mwenyewe kutoka kwenye maboksi, lakini ziligawiwa kwa vyeo, na chumba cha simu hakina cheo. Nyingine ilikuwa juu ya meza ya mtu aliyekuwa akiitumia kucheza karata. Niliambiwa nisubiri bajeti. Nilitoka mle ofisini kwa hasira, na hasira ile haijanitoka hadi leo, sioni kwa nini nijifanye imenitoka.

Basi nikabaki na dawa moja tu, ya mdomo. Nikamkalisha Karani.

"Usimsubirishe mtu yeyote. Ukimsubirisha, umemkata. Simu ya pili ikiingia, mwambie wa kwanza apige baadaye, umchukue wa pili."

"Nimkate?"

"Mkate."

"Mtu anakuba habari ya maziko, nimkate?"

"Hata huyo. Skrini inakudanganya, Karani. Ikisema mtu anasubiri, hayupo."

Aliitazama skrini kwa muda. Nadhani alinielewa. Akaapa, wallahi hatamsubirisha mtu. Nilimwona siku zile za mwanzo akijitahidi, akiwakatiza watu habari zao na kuomba radhi hadi jasho linamtoka. Aliniambia anajisikia kama askari. Kiangazi kilikuwa kimeshika, simu zilikuwa haziishi, na kila aliyepiga alikuwa na msiba wa mifugo wa kuusimulia.

Asubuhi moja alipiga mtunza kisima wa upande wa Eldas, mzee mwenzake, ambaye baba yake alikuwa amezikwa jana. Nilikuwa stoo na seva yangu. Nilipotoka nilimkuta Karani ameinua mikono, anasoma dua na yule mfiwa kwenye simu, macho ameyafumba. Kwenye skrini taa ya kijani ilikuwa inawaka. Kando yake: Abti, anasubiri.

Nilimgusa bega. Alinionyesha kiganja, ningoje. Dua haikatizwi. Alipomaliza na kumuaga mfiwa, akabonyeza kumchukua mpwa wake.

"Abti? Abti, warran? Lete habari."

Upande wa pili hapakuwa na mtu.

"Karani, nilikwambia."

"Nilisahau, adeer. Huyu mfiwa alikuwa katikati ya dua."

Tukapiga, hapatikani. Kule mtu akishuka tu kutoka kwenye kilima anachopandia kupiga simu, mtandao umekwisha. Baadaye simu yake iliingia tena, na kwa balaa ikamkuta Karani na mtu wa Buna mjini anayelia kuhusu ng'ombe wake, na mkono wa Karani ukaenda pale pale ulipozoea kwenda. Taa ikawaka. Nikapiga kelele. Akamwacha yule wa Buna ghafla, akapiga mwenyewe, akapiga tena. Hapatikani.

Nilitaka tumtume fundi hivyo hivyo. Karani akakataa. Pikapu ilikuwa moja, na visima vilivyothibitika kufa vilikuwa vinaingoja. Alisema hawezi kumpeleka fundi kwa jamaa yake bila sababu, watu watasema nini.

"Huyo ni wa nyumbani," aliniambia. "Anataka kuongea habari ya mke wake. Kama ni maji, atabiga."

Hakupiga. Mtu mwingine yeyote angepiga hadi betri iishe, kwa kuwa mtu mwingine akikatwa na karani anasema mtandao. Huyu alikatwa na abti wake. Alikaa juu ya kile kilima na simu iliyopokelewa ikakatwa, ikapokelewa tena ikakatwa, akajua jambo moja tu, kwamba mjomba ameona jina lake, akapokea, na akamfungia mlango kwa ajili ya yule mke. Aliyekataliwa na abti hapigi tena. Anawaendea wazee, wazee ndio wanaokwenda kuuliza.

Na wazee walikuja, baada ya siku kadhaa. Hawakuja kuomba fundi, walikuja kuuliza kosa la kijana ni nini. Walifika na lori la mifugo, vumbi hadi kwenye kope, wakakaa kwenye mkeka chumba cha simu. Karani aliwapokea vizuri, akaagiza chai, na akaanza kuuliza habari kwa mpangilio wake ule ule, nao wakamjibu kwa mpangilio huo huo, maana huo ndio mpangilio wa watu wote kule. Mvua? Hakuna. Malisho? Yamekwisha. Kisima? Kimekufa, mkanda ulikatika. Mbuzi? Wamekwisha. Ng'ombe? Wachache wamebaki. Watu? Walihama kwa miguu kuelekea Buna. Nani kaumwa? Nani kazikwa?

Hapo mkubwa wao akaweka kikombe chini.

"Dada yako tulimzika njiani," alisema.

Karani alisema inna lillahi kwa sauti ya kawaida. Kisha akauliza swali lililofuata, kwa sababu mdomo ulikuwa umeshazoea, akauliza nani kaoa. Nilitoka nje nikakaa kwenye kivuli cha tangi na nikalia.

Fundi alipopelekwa, kazi yenyewe ilikuwa kuvalisha mkanda mpya. Alirudi akasema pampu ilinguruma mara moja, maji yakatoka, na hapakuwa na mnyama wa kuyanywa.

Kompyuta mpya ilikuja upesi baada ya hapo, ikiwa bado na karatasi ya nailoni kwenye skrini. Niliweka toleo jipya, nikajaribu kusubirisha, ikafanya kazi vizuri sana. Karani aliketi mbele yake siku chache. Kwenye taarifa ya ofisi waliandika kwamba palikuwa na hitilafu ya mtandao. Nilipinga, nikaeleza habari ya matoleo, wakaniambia lugha hiyo ni ya kitaalamu mno. Karani hakupinga lolote. Aliomba kupumzika, wakampumzisha, wakampa saa ya ukutani.

Nilimwona mara ya mwisho nilipohamishiwa Garissa. Nilikwenda kumuaga nyumbani kwake, jirani na visima vya mjini ambako mikokoteni ya punda hujaza mitungi. Alikuwa amekaa barazani. Ndevu zilikuwa zimerudi kuwa nyeupe. Shingoni alikuwa na kamba, na kwenye kamba simu ya mkononi, ile ndogo ya vitufe.

Nilianza kama alivyonifundisha. Nikauliza afya, nikauliza nyumba, nikataka kuuliza mvua.

"Sema shida," akanikatiza.

"Sina shida, Karani. Nimekuja kukuaga."

"Ah. Karibu."

Simu ya shingoni ililia. Aliishika kabla haijamaliza mlio wa kwanza. "Sema. Sema shida." Aliyepiga alikuwa mtu aliyekosea namba. Karani aliendelea kuishikilia sikioni baada ya mtu yule kukata. Nikamuuliza kama mpwa wake hupiga. Akasema mpwa yuko Mandera siku hizi, watu wanamwona. Wazee walimweleza ile habari ya mashine, lakini utamwelezaje mtu mashine, mama yake yuko kaburini.

Tukanywa chai. Punda walikuwa wanapita. Kisha akaniuliza, bila kunitazama.

"Adeer, ile siku. Nilisema, subiri kidogo, abti. Hiyo nilisema, wewe unajua nilisema."

"Ulisema."

"Alisikia?"

Nilimtazama yule mzee na kamba yake shingoni. Nilifikiri, nikaona hakuna mtu duniani ambaye ukweli wangu ungemfaa.

"Alisikia," nikasema. "Ilichelewa kidogo kukata. Alisikia kabisa."

Aliitikia kwa kichwa polepole. Akamimina chai katika kikombe changu hadi juu, akarudisha birika mahali pake.

"Wewe ndiye ulikuwa unanicheka," akasema. "Kila siku. Sema kwanza, Karani, halafu bonyeza."